Shaba Ilipita Naivasha, Asidi Ikabaki Kasese

Mtu wa Kihoto hahitaji kuelezwa vile maji huingia nyumbani. Kwanza choo kinakataa kushuka. Halafu sakafu inaanza kutoa unyevu, na nguo zilizowekwa chini ya kitanda zinanuka. Baada ya hapo ni maji ya kifundo cha mguu, na mwenye ploti hashiki simu. Mwaka 2020 Ziwa Naivasha lilipanda likaingia katika mtaa huu ulio kati ya mji na ufuo. Mwaka 2025 likarudi tena, watu wakatolewa milangoni kwao kwa boti. Wengi wao ni wapangaji: vibarua wa mashamba ya maua, mama mboga, watu wa boda. Hakuna aliyeyaita maji hayo, lakini pesa za kuhama, za kununua godoro jingine na za kumtafutia mtoto shule nyingine zilitoka mfukoni mwao.

Naanza na Kihoto kwa sababu hadithi ninayotaka kusimulia ni ya mto ulio mbali, chini ya milima ya Rwenzori, magharibi mwa Uganda, na swali lake ni lile lile linaloulizwa hapa mtaani: maji yakileta hasara, bili inaenda kwa nani?

Tena kuna kitu kinachounganisha sehemu hizi mbili, nacho unaweza kukiona kwa macho bila kutoka Naivasha. Ni reli.

*

Reli ya zamani ilipita Naivasha ikielekea Kisumu, ikafika huko mwaka 1901. Baadaye njia nyingine ikatoka Nakuru, ikapanda Eldoret, ikavuka mpaka, na mwaka 1931 treni zikaingia Kampala. Mwaka 1956 Waingereza waliisukuma tena magharibi, kilomita zaidi ya 300, hadi mahali panapoitwa Kasese, kwenye tambarare kati ya milima na Ziwa George. Wakati huo Kasese haikuwa mji wa kutajwa. Reli ndiyo iliyoufanya mji, na reli yenyewe ilifuata kitu kimoja: shaba ya Kilembe.

Kilembe ni bonde jembamba, nchi ya Wakonzo, ambapo Mto Nyamwamba unashuka kwa kasi kutoka Rwenzori kabla ya kufika tambarare. Dalili za shaba katika milima hiyo ziliandikwa na msafara wa Mtaliano mmoja wa ukoo wa kifalme, Duke wa Abruzzi, aliyekwea huko mwaka 1906. Kampuni za Uingereza zikaja kupima miaka ya 1920 na 1930, zikaondoka. Mwaka 1950 kampuni ya Kilembe Mines ikaundwa kwa mtaji wa Canada, na mwaka 1956, reli ilipofika, uchimbaji ukaanza kwa nguvu.

Fuata safari ya jiwe moja. Linatolewa ndani ya mlima, linasagwa Kilembe mpaka linakuwa unga, na unga wenye shaba unatenganishwa na ule usio na kazi. Unga wa shaba unapakiwa treni Kasese, unapelekwa Jinja, kwenye tanuri lililotumia umeme wa bwawa la Owen Falls, lililofunguliwa mwaka 1954. Jinja unayeyushwa na kuwa mabamba mazito ya shaba. Mabamba yanapanda treni nyingine: Tororo, Eldoret, Nakuru, Naivasha, Nairobi, Mombasa, meli. Kwa zaidi ya miaka 20 mali hiyo ilipita hapa kwetu. Aliyekuwa mtoto Naivasha miaka ya 1960 akikimbia kupungia treni mkono huenda aliipungia shaba ya Kilembe bila kujua.

Ilikuwa biashara kubwa. Katika miaka ya 1960 shaba ilikuwa ya tatu kwa mauzo ya nje ya Uganda, nyuma ya kahawa na pamba. Kilembe kukawa na nyumba za wafanyakazi, shule, hospitali ya kampuni na viwanja vya michezo. Wazee waliofanya kazi migodi kama hiyo, popote Afrika Mashariki, wana namna moja ya kuizungumzia: mshahara ulikuja tarehe ile ile, maji yalikuwa kwenye bomba, mtoto akiugua alitibiwa. Si vizuri kuwacheka. Walipata kitu cha kweli.

Lakini angalia hesabu. Mgodi ulitoa takribani tani milioni 16 za mawe yenye madini, na shaba ndani yake haikufika asilimia mbili. Chukua gunia la kilo 90 la mawe ya Kilembe. Shaba yake haifiki hata pakiti ya unga ya kilo mbili. Hiyo ndiyo iliyopanda treni. Zile kilo 88 nyingine zilibaki. Zilibaki wapi?

*

Zilibaki sehemu mbili, na tofauti ya sehemu hizo ndiyo kiini cha hadithi hii.

Sehemu ya kwanza ni bondeni Kilembe. Mchanga uliosagwa, takribani tani milioni 15, ulimwagwa kwenye kingo za Nyamwamba na mabonde ya pembeni. Yakawa malundo makubwa ya rangi ya kijivu na manjano kando ya mto unaojulikana kwa hasira. Mchanga huo haukuwa na thamani kwa mtu yeyote.

Sehemu ya pili ni Kasese, kwenye tambarare. Katika kutenganisha madini, kampuni ilipata unga mwingine: pairiti yenye kobalti. Pairiti ni madini ya chuma na salfa, yanayong'aa manjano mpaka yakaitwa dhahabu ya wajinga. Ndani yake kulikuwa na kobalti zaidi kidogo ya asilimia moja. Wakati huo hakukuwa na njia ya kuitoa kobalti hiyo kwa faida, lakini kampuni ilijua ni mali. Kwa hivyo ikawekwa akiba: takribani tani milioni moja, lundo nje, juani na mvuani, karibu na mpaka wa mbuga ya wanyama ya Queen Elizabeth.

Hapa inabidi tuzungumze kemia kidogo. Ni fupi, na ukiielewa utaelewa kila mgodi uliotelekezwa duniani, wa shaba au wa makaa ya mawe.

Pairiti ikiwa ndani ya mlima, imefunikwa na mwamba, haina neno. Imekaa hivyo mamilioni ya miaka. Ukiisaga na kuiweka nje, inakutana na vitu viwili: hewa na maji. Salfa iliyomo inageuka kuwa asidi, ile ile iliyo kwenye betri ya gari. Chuma kilichomo kinayeyuka na kwenda na maji. Kuna pia bakteria wadogo sana wanaoishi kwa kula chuma na salfa. Wao huongeza kasi ya jambo hili mara nyingi. Asidi inayotoka inayeyusha metali nyingine kwenye mawe ya jirani, shaba, kobalti, nikeli, zinki, na kuzibeba. Maji hayo yakifika kwenye mto safi asidi inapungua nguvu, chuma kinaganda, na mawe ya mtoni yanavaa kutu ya rangi ya chungwa. Wadudu wa majini wanakufa kwanza. Samaki waliowategemea wanafuata.

Makaa ya mawe pia hukaa na pairiti. Ndiyo maana mgodi wa makaa uliofungwa miaka 100 iliyopita kule Pennsylvania na lundo la shaba la Kasese hutoa maji ya namna moja. Na ndiyo maana kufunga mgodi hakumalizi kitu. Wafanyakazi wakienda nyumbani, bakteria hawaendi.

*

Kilembe ilianza kuyumba miaka ya 1970, utawala wa Idi Amin. Wataalamu waliondoka, vipuri vikakosekana, Wakanada wakaondoka, serikali ikabaki na mgodi. Kufikia mwaka 1982 uchimbaji ulikuwa umekwisha. Pampu ziliachwa zikifanya kazi kwa miaka mingi baadaye, kutoa maji yasijaze mashimo ya chini, na maji hayo ya mgodini yakamwagwa Nyamwamba. Lundo la Kasese likaachwa na mvua.

Mvua ya Kasese haikusita. Kila msimu iliosha lundo, na maji ya asidi yakashuka kwa mteremko kuelekea Ziwa George, yakipita ndani ya mbuga. Palipopita, nyasi zilikufa. Tayari mwaka 1974 mwanasayansi wa Uganda, Eric Edroma, ambaye baadaye alikuja kuwa mkurugenzi wa mbuga za taifa za nchi hiyo, alikuwa amechapisha utafiti kuhusu sumu ya shaba ndani ya mbuga ile. Kwa hiyo hatuwezi kusema watu hawakujua. Walijua, wakaandika, wakachapisha, na lundo likakaa pale kwa miaka mingine 25.

Ukanda ule uliokufa ukawa kama barabara isiyopitwa na gari: udongo mtupu, umechomeka, katikati ya mbuga ambapo pande zote mbili swala na nyati wanakula nyasi. Mwisho wake ni Ziwa George, ziwa la kina kifupi sana, wastani wa mita mbili na nusu hivi, ambalo mwaka 1988 Uganda ililiandikisha katika orodha ya kimataifa ya ardhioevu muhimu, la kwanza kwa nchi hiyo. Sisi tuliliandikisha Naivasha mwaka 1995. Maziwa mawili ya bonde la ufa, yote ya maji baridi, yote ya samaki na viboko, yote na watu maskini ufuoni.

*

Sasa sikiliza vile lundo lilivyoondoka.

Mwaka 1992 kampuni mpya, Kasese Cobalt, iliundwa kwa lengo moja: kuitoa kobalti iliyokuwa imewekwa akiba. Dunia ilikuwa imebadilika. Bei ya kobalti ilikuwa na mvuto, na sayansi ilikuwa imepata njia. Njia yenyewe, kumbe, ilikuwa ni wale wale bakteria. Badala ya kuwaacha wafanye kazi yao ovyo juu ya lundo, na asidi ikimbie ziwani, waliwekwa ndani ya matangi makubwa, wakapewa hewa, joto linalowafaa na chakula, yaani pairiti. Walikula, asidi ikatoka, kobalti ikayeyuka, lakini sasa yote yalikuwa ndani ya tangi. Asidi ikatulizwa kwa mawe ya chokaa yaliyosagwa. Kobalti ikachujwa, ikawa mabamba, ikauzwa. Taka zilizobaki zilipelekwa kwenye mabwawa yaliyojengwa kwa kazi hiyo.

Kiwanda kilianza mwaka 1999. Mwaka 2002 bei ya kobalti ilianguka, kikasimama. Bei ikapanda, mwaka 2004 kikarudi. Kufikia mwaka 2013 lundo lilikuwa limekwisha, na kazi ikakoma.

Ni hadithi ya kufurahisha na sitaki kuiharibu. Takribani tani milioni moja za sumu ziliondolewa, na waliofanya hivyo walilipwa na sumu yenyewe. Viumbe walioleta maradhi ndio waliotumika kama dawa. Ni chache migodi iliyotelekezwa inayopata mwisho kama huo.

Lakini soma tena tarehe. Bei ilipoanguka, usafishaji ulisimama. Bei ilipopanda, uliendelea. Madini yalipokwisha, kazi ilikwisha, ingawa udongo wa ule ukanda ndani ya mbuga bado ulikuwa na metali ndani yake na ulihitaji chokaa, mbolea, nyasi ngumu na miaka mingi ya mtu kurudi kuangalia. Kilichosafishwa kilisafishwa kwa sababu kilikuwa na bei. Yaliyokuwa bondeni Kilembe, yale malundo ya mchanga kando ya Nyamwamba, hayakuwa na bei. Hakuna aliyeyajengea matangi.

*

Tarehe 1 Mei 2013 Nyamwamba ilivunja kingo. Maji yalishuka na mawe makubwa kama magari, yakapita kwenye nyumba za zamani za wafanyakazi wa mgodi, yakaingia hospitali ya Kilembe, yakateremka hadi mjini Kasese. Mwaka 2014 yakaja tena. Mei 2020, mvua zile zile zilizojaza maziwa ya bonde la ufa huku Kenya, mito ya Kasese ikafurika kwa pamoja na hospitali ikaharibiwa vibaya kiasi cha wagonjwa kuhamishwa. Mwaka ule ule Kihoto ilikuwa ndani ya maji.

Mafuriko yenyewe hayakuletwa na mgodi. Rwenzori ni milima mikali na mvua zake ni nyingi. Lakini mto ukifurika huku umepakana na malundo ya mabaki, hauji na maji peke yake. Unayala malundo, unayabeba, unayaacha kwenye shamba la mtu na kando ya kisima cha mtu. Watafiti waliopima udongo na vyakula vya Kilembe katika muongo uliopita walikuta shaba na kobalti nyingi kuliko kawaida kwenye mashamba ya karibu na mabaki, na kwenye baadhi ya mazao yaliyoliwa pale. Mtu aliyezaliwa mwaka 2000, miaka karibu 20 baada ya mgodi kufungwa, ambaye hajawahi kuona mshahara wa Kilembe Mines, anapanda mboga kwenye taka za mgodi huo.

Hapo ndipo bili ya shaba ilipoishia. Mabamba yalipita Nakuru na Naivasha yakaenda kuwa nyaya za umeme katika nchi nyingine. Kilo 88 za kila gunia zimelipwa na mwenye shamba la ufuoni.

Kwa miaka mingi serikali ya Uganda ilitafuta mwekezaji wa kuufufua mgodi. Kampuni moja ya Kichina ilipewa mwaka 2013, mkataba ukavunjwa mwaka 2017. Kila mara mazungumzo yakianza, swali la kwanza ni kuna shaba kiasi gani bado mlimani. Mto unakuja baadaye, ukikumbukwa.

*

Je, kuna namna nyingine? Ipo, na imejaribiwa.

Huko Pennsylvania, Marekani, makaa ya mawe yalichimbwa kwa zaidi ya miaka 200. Kampuni nyingi zilizochimba zimekufa zamani. Hata ukitaka kuzishtaki, utamshtaki nani? Zaidi ya kilomita 8,000 za vijito na mito ya jimbo hilo ziliharibiwa na maji ya migodi. Mwaka 1977 bunge la Marekani lilipitisha sheria iliyosema hivi: kila tani ya makaa itakayochimbwa kuanzia sasa italipa kitu kidogo kwa ajili ya migodi iliyoachwa zamani. Senti 35 kwa tani ya mgodi wa wazi, senti 15 kwa tani ya mgodi wa chini ya ardhi. Wanaochimba leo wanalipia waliochimba jana. Mwaka 2021 serikali ikaongeza zaidi ya dola bilioni 11, kwa sababu zile senti hazikutosha.

Kazi inayofanywa kwa pesa hizo haina maajabu. Maji ya mgodi yanaelekezwa kwenye mtaro uliojazwa mawe ya chokaa, asidi inapungua. Yanapumzishwa kwenye bwawa, chuma kinaganda na kutuama kama tope la chungwa. Yanapitishwa kwenye kinamasi kilichopandwa magugu ya maji, na mizizi inashika sehemu ya kilichobaki. Halafu yanaachiwa mtoni. Kila baada ya miaka kadhaa tope linafukuliwa na chokaa inabadilishwa. Ohio kuna mhandisi na msanii waliofikiria kukausha tope hilo na kulisaga kuwa rangi ya wachoraji, ili mauzo yasaidie kulipia usafishaji. Samaki wamerudi katika baadhi ya vijito. Lakini siku mtaro ukiachwa, mto unarudi ulivyokuwa. Haya ni matunzo ya kudumu, kama mtu mwenye sukari anavyokunywa dawa.

Msomaji wa Kenya ataniuliza: na Bamburi je? Kweli, pale Mombasa machimbo ya kiwanda cha saruji yaligeuzwa msitu. Kuanzia mwaka 1971 René Haller alijaribu miti kwenye mwamba mtupu. Mingi ilikufa, mvinje ukastahimili, na jongoo wakafanya kazi ya kula majani makavu ya mvinje na kuyageuza udongo. Leo watoto wa shule huenda kutembea huko. Ni mfano mzuri, ila kumbuka mambo mawili. Mwamba wa Bamburi ni chokaa, ambayo ni dawa ya asidi, haukutoa sumu. Na kiwanda kilikuwa bado kinauza saruji, kwa hivyo mlipaji alikuwepo. Kilembe ilikosa vyote viwili.

*

Kitu kimoja kilichoisaidia Ziwa George bila kulipwa na mtu ni mafunjo. Ufuo wa kaskazini wa ziwa hilo umezungukwa na vinamasi vya mafunjo, na watafiti waliopima miaka ya 1990 walikuta metali kutoka Kilembe na Kasese zimenaswa kwa wingi kwenye tope la vinamasi hivyo. Yaani sehemu ya sumu haikufika kwenye maji ya wazi, kwa sababu mafunjo yaliizuia. Kinamasi kile cha Pennsylvania kilichojengwa kwa pesa za sheria ya 1977 kinaiga kazi ambayo mafunjo ya George yalifanya bila kandarasi.

Naivasha ilikuwa na mafunjo pia, mengi. Mdomo wa Mto Malewa ulikuwa kinamasi kikubwa. Kwa miongo kadhaa yamekatwa, yamechomwa, yameliwa na mifugo na kulimwa, na sehemu kubwa imepotea. Sitadanganya kwamba mafunjo yangezuia maji ya 2025 kuingia Kihoto. Ziwa likipanda kiasi kile hakuna majani yatakayolisimamisha. Lakini maji yaliyoingia nyumbani yangeweza kuwa safi kuliko yale. Ukiwa umesimama ndani yake, na vyoo vya mtaa mzima vimefurika, tofauti hiyo unaijua kwa ngozi.

*

Huenda utasema hii ni habari ya jirani. Uganda ilichimba, Uganda ikachafuka. Basi panda basi la Kitui. Katika bonde la Mui, Kitui, serikali ya Kenya imethibitisha makaa ya mawe na kugawa ardhi katika vitalu vinne, na viwili kati yake vikapewa kampuni ya Kichina katika muongo uliopita. Uchimbaji haujaanza. Mwaka 2019 mahakama ya mazingira ilifuta leseni ya mtambo wa umeme wa makaa uliopangwa kujengwa Lamu, na kelele za Mui zikapungua. Makaa hayajaenda popote. Yako pale, na pairiti yake, yamefunikwa na mwamba, hayana neno, kwa sasa.

Kenya ina Sheria ya Madini ya 2016, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 1940 ya wakoloni. Inamtaka anayeomba leseni aweke dhamana ya pesa kwa ajili ya mazingira kabla ya kuchimba, ili akikimbia au kufilisika, pesa za kurudisha ardhi ziwe zipo. Hiyo dhamana ndiyo senti 35 zetu. Ni mstari mmoja katika sheria ndefu, na ndio unaoamua kama mjukuu wa mtu wa Mui atapanda sukumawiki kwenye udongo au kwenye taka. Maswali yake ni ya kawaida kabisa. Dhamana ni kiasi gani? Nani alikipiga hesabu? Imewekwa benki gani, na nani anaruhusiwa kuigusa? Inatosha miaka mitano, au inatosha kwa muda ambao bakteria watafanya kazi, ambao ni zaidi ya umri wa yeyote anayesoma haya?

Maswali hayo lazima yaulizwe kabla ya treni kupakiwa. Baada ya hapo hayana wa kumjibu. Kilembe yaliulizwa baadaye, na jibu pekee lililopatikana lilikuwa bei ya kobalti.

Kwa Kikuyu, neno kihoto ni haki, na pia ni hoja: ile hoja ambayo ukiitoa mbele ya wazee, mwenye nguvu anakosa la kusema. Wazee husema kihoto huvunja uta uliokwisha kupindwa. Maji hayasikii hoja, hilo mtaa wetu umelijua mara mbili ndani ya miaka mitano. Anayeomba leseni anaweza kuisikiliza, maadamu bado yuko mezani, kalamu mkononi, na hajatia saini.